Helikopta Badala ya Friji

Jumatatu, 11 Agosti 1997

Nimesali alfajiri, nimebandika chai, nimeitoa helikopta yangu ndogo ya rimoti hadi kwenye shamba la uwele lililovunwa nyuma ya nyumba. Hapa Nzuguni upepo huamka saa mbili. Kabla ya hapo anga ni langu.

Imepanda kama shibiri moja. Ikageuka, pua ikanitazama mimi. Hapo ndipo penye balaa. Pua ikinitazama, kushoto kwangu ni kulia kwake. Nikasukuma kijiti cha rimoti upande usio wake, ikalala ubavu. Mapanga yote mawili yamevunjika. Akiba ni jozi moja tu.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda chake anatazama. Akasema pole, akarudi kwenye tasbihi yake.

Jumanne, 12 Agosti

Sijarusha. Nimekaa dukani siku nzima, wateja watatu, wote wa betri.

Nafikiria ile siku. Nilikwenda kwa mzungu wa mradi wa maji, alikuwa anarudi kwao na anauza kila kitu. Nilikwenda kununua friji. Siku hizi kila duka mjini lina soda baridi, langu peke yake ndilo linauza soda za moto kando ya redio. Nikaiona helikopta juu ya kabati. Akaiwasha uani, ikasimama hewani mbele ya uso wangu. Nikasahau friji. Bei siandiki hata humu.

Sijutii. Redio nazijua, mume wangu Salum alinifundisha kuzifungua na kuzifunga kabla hajafariki, na duka aliniachia mimi. Hiyo rimoti ni redio tu. Kuruka nitajifunza. Mimi si mjinga.

Alhamisi, 14 Agosti

Utingo wa basi la Kondoa kaleta barua ya shemeji Athumani, mdogo wake Salum. Ukurasa mmoja, salamu nusu yake. Amesikia. Mtu anayeacha friji akanunua mdoli hawezi kuachiwa duka la marehemu. Ijumaa ya wiki ijayo anakuja kuchukua funguo.

Mdoli!

Nimejibu palepale juu ya kaunta. Njoo. Nitairusha mbele yako. Ikipanda hadi usawa wa kichwa chako, ikakaa, ikatua nzima, funguo ni zangu na maneno haya yasirudi tena. Ikianguka, nakukabidhi mwenyewe kwa mkono wangu.

Utingo kaondoka nayo kabla sijaisoma mara ya pili. Basi. Nimesema, nimesema.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimefunga fito mbili kwa kupishana chini ya miguu yake, mpira mdogo kwenye kila ncha. Sasa hata ikitua vibaya hailali ubavu. Michoro ya kitabu kilichokuja nayo ndivyo inavyoonyesha. Jozi ya mwisho ya mapanga nimeifunga. Imepanda hadi magotini mara nne. Mara nne! Nimerudi ndani naimba.

Tatizo ni mafuta. Mashine hii hainywi petroli. Inakunywa methanoli iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo. Methanoli yule mzungu aliniachia dumu zima. Mafuta ya nyonyo yamefika mwisho wa chupa.

Nimecheka. Yaani mzungu kayatoa Ulaya, na sisi Kondoa nyonyo zinaota hadi chooni. Nimemtumia ujumbe mama mdogo.

Jumatatu, 18 Agosti

Chupa imefika kwa basi, imefungwa na kipande cha kanga. Mazito, ya rangi ya asali. Yananukia utoto wangu. Nimechanganya kwa kipimo kilekile. Sina wasiwasi hata kidogo.

Jumatano, 20 Agosti

Jana nilimaliza mafuta ya zamani, ikafika kiunoni na kutulia. Leo nimetia ya kwetu. Imekohoa. Imezima. Nimewasha, imekohoa, imezima. Mara ya tano imepanda kidogo ikazimia hewani, ikadondoka kwenye zile fito. Fito moja imevunjika. Mapanga yako salama, alhamdulillahi.

Nimeifungua injini mezani. Matone ya maji ndani.

Nimejipiga kofi kwenye paji la uso. Kwetu nyonyo hukaangwa, zikatwangwa, zikachemshwa kwenye maji, mafuta yakaenguliwa juu. Mimi mwenyewe nikiwa mtoto nilikuwa nakoroga chungu. Ni ya kupaka watoto, na ngozi ya mtoto mchanga haijali maji kidogo. Injini inajali. Nilijua yote hayo na sikufikiri, kwa sababu mafuta ni ya nyumbani na ya nyumbani sikuyatilia shaka.

Zimebaki siku mbili. Naogopa. Naandika ili nijue kwamba naogopa.

Alhamisi, 21 Agosti

Methanoli haikai karibu na moto, kwa hiyo nimeyachukua mafuta yaliyosalia kwenye chupa, peke yake, nikayabandika kwenye jiko la mkaa uani. Yamelia tsss tsss karibu saa nzima. Nilipoona kimya na hakuna povu, nikajua maji yameisha, nikaepua. Nikayapoza, nikayachuja kwa kitambaa, nikachanganya upya mbali na jiko.

Injini imewaka mara ya kwanza na haikukohoa. Nimeizima haraka nisimalize mafuta. Yanatosha kuruka mara mbili hivi. Fito nimebadilisha.

Kesho. Niko tayari.

Ijumaa, 22 Agosti

Sikuwa nimefikiria basi. Basi la Kondoa linaingia mchana, na mchana wa Agosti hapa ni vumbi mpaka kwenye meno.

Athumani kafika baada ya sala ya Ijumaa. Kamwamkia mama yake, kanywa maji, kasema haya tuone. Nikatoka naye hadi shambani. Upepo ukanivua mtandio. Nikasimama na rimoti mkononi. Nilitamani kuirusha hivyohivyo, nimnyamazishe.

Sikuirusha. Nikamwambia kwa upepo huu hairuki, asubuhi. Akacheka. Akasema alijua. Akanyoosha mkono, kiganja juu, apewe funguo. Basi lake la kurudi lilikuwa saa tisa.

Mama mkwe, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, alisema kutoka kwenye kigoda:

"Athumani, utalala. Umekuja kwangu mimi au umekuja kwa kufuli?"

Kalala.

Jumamosi, 23 Agosti

Hakuna jani lililotikisika. Athumani kasimama mikono nyuma. Nimewasha. Imepanda magotini, kiunoni, kifuani. Imefika usawa wa kofia yake. Nikahesabu moyoni. Kumi na tano, pua ikaanza kugeuka kunitazama. Safari hii mkono wangu ulikwenda unakotakiwa bila kuniuliza. Arobaini. Sitini. Nikaishusha polepole, ikakaa juu ya mipira yake kama kuku anayeatamia.

Mama mkwe kapiga kigelegele peke yake.

Funguo hakuziulizia. Nikamsindikiza stendi, adabu ni adabu. Tulipokuwa tunangoja basi lijae akasema, anatazama matairi:

"Shemeji, mimi friji sikuijali. Niliposikia unachezea mashine alfajiri, unaimba, nikasema basi, keshamaliza kumlilia kaka. Miaka mitatu tu."

Tangu niilete mashine ile sikumlilia Salum hata siku moja. Nilikuwa sijaligundua mpaka aliponiambia.

Nikamwambia ni kweli. Akaitikia kwa kichwa, akapanda. Dirishani akanipungia mkono. Sina kinyongo naye.

Jumapili, 24 Agosti

Sijarusha. Nimeifuta vumbi, nimeifunika.

Nimewahi dukani kabla ya mtaa kuamka. Nimekaa kwenye kiti cha Salum nyuma ya kaunta, mlango nusu, nikamlilia kidogo. Si sana.

Kisha nikanawa uso, nikafungua duka.