Kiapo Nilichomwapia Kabula

Bariadi,
Jumapili jioni

Dada yangu Namsifu,

Kabla ya lolote, mguu wako umekaaje? Mara ya mwisho ulisema umeanza kushuka nao mpaka gengeni bila fimbo, nikamshukuru Mungu. Na Mama je, kifua kimemwacha na baridi hiyo ya mlimani? Mwambie huku hakuna baridi ya kumkohoza mtu. Huku ni jua na vumbi, na pamba iliyodondoka kwenye malori imenasa kwenye miiba ya barabarani, ukiitazama asubuhi utadhani miiba imeota mvi. Sisi wazima. Baba Elia bado yuko kiwandani kwenye mashine za kuchambua pamba, anarudi jioni na nyuzi nyeupe kwenye nyusi, namwambia, mzee wangu umezeeka tangu saa mbili asubuhi.

Najua unajiuliza kwa nini nimeshika karatasi wakati simu ipo. Dada, simu yako unaiweka spika, na hapo nyumbani kila anayepita na ndoo anachangia neno. Hili si la spika. Nimempa binti wa mchungaji wetu anayekuja Same, nimemwambia akukabidhi mkononi.

Mwenzio nimepata mshtuko ambao mpaka leo nikiwa nachambua mchele nasimama, nauliza, hivi kweli ni mimi?

Unamkumbuka Kabula, yule binti niliyekutumia picha yake ameshika kuku. Ni mtoto wa Masunga, mkulima wa Zagayu anayeleta pamba kiwandani, ndiko walikojuana na Baba Elia. Kwao shule iko mbali na mto ukijaa hakuna kupita, basi Masunga akatuomba tukae naye asome hapa mjini. Huu mwaka wa tatu. Ananiita Mama, na mimi siku hizi nikisema "wanangu" naye yumo.

Sasa, hawa watu wa Masunga wana dini yao ndogo, wanakusanyika nyumbani kwa mtu, hawana hata kengele. Hawaapi kwa lolote, wala hawaimbi wimbo wa Taifa. Siyo kwa ubishi. Kabula mstarini anasimama wima kama msumari, mikono chini, ananyamaza mpaka wenzake wamalize. Mwalimu Mkuu wa zamani alimjua akamwacha.

Mwaka huu akaja Mwalimu Mkuu mpya. Si mtu mbaya, Dada, usimchukie kabla sijamaliza. Ni mtu wa kusini, mdogo wake alikuwa askari akafia nje ya nchi, akaletwa kwenye sanduku lililofunikwa bendera. Mtu wa namna hiyo akiiona bendera haoni kitambaa. Basi akaanzisha kiapo. Kila asubuhi, wimbo ukiisha, mkono kifuani, macho juu kwenye mlingoti, watoto wanaapa kwa jina la Mungu kwamba watakuwa watiifu kwa nchi mpaka kufa. Mimi niliposikia nilifurahi. Nilisema afadhali, watoto wa siku hizi wanajua majina ya wachezaji wa Ulaya kuliko ya wilaya zao.

Nikamwambia Kabula, "Mwanangu, sema tu. Ni maneno, yanapita kama upepo."

Akanitazama. "Kama ni maneno tu, Mama, mbona wanayataka hivyo?"

Nikamwambia aende akaoshe vyombo.

Mtihani wa Darasa la Saba ulipokaribia, Mwalimu Mkuu akatangaza kwamba kila mtahiniwa ataapa peke yake mbele ya shule nzima, na asiyeapa, siku ya mtihani asivuke geti. Zamu ya Kabula ikafika, akasimama na mdomo wake umefungwa. Akarudishwa alete mzazi. Masunga akaja kwa baiskeli, vumbi mpaka masikioni, nikamsindikiza mimi.

"Mwalimu," Masunga akasema, kofia mkononi, "mlipochimba msingi wa darasa lile nilikuja. Ng'ombe wa shule wakipotea nitawatafuta, hata nikilala porini. Mtoto huyu akivunja dirisha, nitalipa. Lakini kuapa, hapana. Ndiyo yetu ni ndiyo."

"Sasa wewe ni raia wa wapi?" Mwalimu Mkuu akauliza.

"Wa Zagayu, mwalimu."

Walimu wengine wakacheka. Mwalimu wa nidhamu akasema kwa sauti ya kusikika, "Uji wa shule huyo mtoto anakunywa bila kuuliza dini yake!" Masunga akavaa kofia yake, akaniaga, akapanda baiskeli. Kwake neno lilikuwa limekwisha. Kwangu halikuwa limekwisha, maana mimi ndiye ninayemwona huyu mtoto akisoma na mguu ndani ya beseni la maji asisinzie. Anataka kuwa nesi. Nilisema moyoni, huyu baba anamzika mwanawe akiwa hai.

Asubuhi yake nikarudi shuleni peke yangu. Mwalimu Mkuu akanipokea vizuri, akanipa kiti. Akasema, "Mama Elia, hata mimi sipendi kumpoteza mtoto mwenye akili. Wewe si ndiye mlezi? Fomu zake si unasaini wewe? Basi mwapie wewe, kwa jina lake, yaishe."

Dada, nikaona mlango umefunguka. Nikatoka mpaka mlingotini, watoto wote kwenye mistari, nikaweka mkono kifuani, nikasema, "Mimi Kabula Masunga, naapa..." mpaka mwisho. Sauti yangu ya kwaya unaijua. Watoto wakapiga makofi. Kabula sikumwona, alikuwa nje ya geti na wenzake waliochelewa. Nikapita sokoni nikanunua nyama, nikapika wali, nikiimba.

Mchana akarudi. Njiani walikuwa wamemwimbia, "Kabula kaapishwa na mama yake wa mjini! Kabula kaapishwa na mama yake wa mjini!" Hakulia. Nilimwekea sahani, hakuigusa.

"Mama, pale mlingotini nani alikuwa anasema? Wewe au mimi?"

Nikasema, "Mimi, kwa niaba yako."

"Kama ni wewe, mimi sijaapa. Kama ni mimi, mbona sikuwepo?" Halafu akasema polepole, kama mtu anayeogopa kuniumiza, "Siwezi kuingia kwenye mtihani kwa kiapo hicho, Mama. Nikiingia nitakuwa nimekikubali. Kesho narudi Zagayu."

Akaanza kukunja nguo zake, hata ile sare akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kitanda niigawe kwa mwingine.

Hapo ndipo nilipopigwa, Dada. Sisi tusiobatiza watoto wachanga! Sisi tuliofundishwa tangu tukiwa tunakaa mkeka wa mbele kanisani kwamba mbele za Mungu hakuna wa kumwitikia mwenzake! Tunabishana na majirani zetu wapendwa juu ya jambo hilo kila mwaka, nami nikaenda hadharani nikamwitikia mtoto wa watu, tena kwa jina la Mungu, tena nikasikia raha. Nilikaa kwenye kigoda pale jikoni mpaka wali ukaungua.

Nikamkumbuka Baba. Unakumbuka shule ilipotutaka Jumamosi, siku yetu ya Sabato, tukalime shamba la shule, Baba akakataa? Wewe ulilia kwa sababu uliogopa viboko. Na Jumapili Baba akaenda peke yake, akalima sehemu yako na yangu, watu wanatoka kanisani na nguo zao nzuri wanamcheka. Sisi tulijificha tusionekane ni watoto wake. Alirudi na matope mpaka magotini akasema, "Kazi ya shule nimeifanya. Siku ya Mungu nimemwachia." Miaka yote nimesimulia hadithi ile kwa fahari, kumbe ikija kwangu kwa mlango wa nyuma siitambui.

Baba Elia aliporudi nikamwambia nataka kwenda kukirudisha kile kiapo. Akakaa na nyuzi zake kwenye nyusi.

"Mama Elia, sisi ni wageni hapa. Kesho watasema fundi wa kiwandani mke wake anapinga Serikali. Unataka kutupeleka wapi?"

"Sipingi Serikali, naipenda."

"Basi kaa nayo nyumbani uipende."

Hatukusemeshana mpaka asubuhi. Lakini nilipokuwa nafunga kilemba, niliona amenipigia viatu vyangu rangi, ameviweka mlangoni. Ndivyo alivyo.

Nikamwomba Kabula asubiri asiondoke. Nikaingia mstarini, nikaomba nafasi. Watoto wakadhani nakuja kumwapia mtoto mwingine, wakaanza kucheka. Nikasema, na sauti ya kwaya sijui ilikwenda wapi, "Jana niliapa hapa. Kwa upande wangu, mimi Nakundwa, kile kiapo ni changu, ninabaki nacho. Lakini kwa Kabula, sikuwa na ruhusa yake wala ya baba yake wala ya Mungu. Nimekuja kukiondoa."

Mwalimu Mkuu akanifuata karibu, uso umemvimba.

"Mama Elia, unajua unanifanyia nini? Watoto wote hawa wanatazama."

"Ndiyo maana nimesemea hapa, mwalimu. Na jana walikuwa wanatazama."

Akaniambia niondoke eneo la shule. Nikaondoka.

Siku ya mtihani Kabula aliamka, akaoga, akavaa ile sare. Nikamuuliza, "Unakwenda wapi wakati wamesema usivuke?" Akasema, "Nakwenda mpaka geti, Mama. Wao ndio waseme hapana, nisiseme mimi." Nikamfuata kwa nyuma. Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama getini mwenyewe, mguu mmoja ameuweka mbele, amezuia. Wenzake wanapita upande, Kabula akasimama mbele ya ule mguu, rula na penseli mkononi.

"Umelala wewe?" Mwalimu Mkuu akamuuliza. Yeye mwenyewe macho yalikuwa mekundu.

"Nimelala, mwalimu. Niliomba nikalala."

"Uliomba nini?"

"Mtihani. Na wewe pia nilikuombea, mwalimu. Na yule mdogo wako."

Dada, sijui nani alimwambia habari za yule askari. Mwalimu Mkuu aligeuka akatazama mlingoti, akautazama sana, kama anamwomba mtu radhi. Hakusema pita, wala hakusema rudi. Alisogeza mguu.

Amemaliza mitihani yote. Juzi Masunga alikuja kumchukua akapumzike nyumbani, nikaona aibu kumpa mkono. Akanisalimu, "Mwangaluka, mayu," kama kawaida yao ya kumsalimu mama asubuhi, halafu akasema, "Nimesikia uliapa. Tena nimesikia ulikirudisha. La kwanza siwezi kukushukuru. La pili, wabeja sana." Akanifungulia kiroba cha karanga. Kabula alinikumbatia mpaka kilemba kikadondoka. Sare ameiacha hapa, ameitundika msumarini.

Kiapo bado kinaendelea kila asubuhi, nakisikia nikiwa nafagia. Sokoni kuna wanaoninyamazia. Kanisani mama mmoja aliniuliza kama nimehamia kule kwa kina Masunga. Nilimwambia hapana, niko palepale nilipokuwa, ila sasa ndiyo nimepajua.

Msalimie Mama, mwambie namwombea kifua. Shemeji, mume wako, mwambie tangawizi yake imefika ikiwa nzima na Wasukuma wameipenda kwenye chai. Msalimie mjomba mfua vyuma, na yule binamu yetu mwalimu wa kwaya, na shangazi aliyetulea, huyo mshike mikono yote miwili kwa ajili yangu. Ukipita kaburini kwa Baba, ng'oa majani, na umwambie kwamba hatujifichi tena.

Wimbo wa Taifa mimi bado nauimba, Dada, tena kwa nguvu. Ila zamani nilikuwa nauimba nimefumba macho. Siku hizi nayafungua, nione ni nani amesimama karibu yangu kimya, nimwachie nafasi yake.

Mdogo wako akupendaye,
Nakundwa, Mama Elia