Mchungaji Asije Hapa

Nyololo, 4 Juni 2024

Kwa binti yangu Eveline,

Kamwene. Ni mimi baba yako, Aroni Kalinga. Natumaini wewe na mtoto mnapumua. Mimi ni mzima, meno yangu yote yapo kasoro mawili. Barua analeta Sedekia wa lori la mbao. Simu sitaki, mtu akiongea kwenye simu jirani anasikia.

Mama yako amepooza upande wa kulia tangu Februari. Hasemi. Sikukuambia kwa sababu sikuhitaji msaada. Namwogesha mimi, namgeuza mimi, uji napika mimi na hauna mabonge. Akina mama wa kanisani walikuja na mabeseni yao nikawarudisha. Kanisa lile nimelijenga kwa mikono hii, miaka thelathini na moja mzee wa kanisa, nishindwe kumwosha mke wangu?

Jambo moja tu. Mama yako anagusa mdomo kwa mkono wa kushoto halafu anaonyesha upande wa kanisani. Nampa uji, hataki. Chai, hataki. Mchungaji Timotheo anasema anataka Chakula cha Bwana, atamletea nyumbani. Nimemwambia asije hapa. Mwandikie mama yako atulie, nitamsomea.

Baba yako.

Uyole, 9 Juni 2024

Baba, shikamoo.

Sisi wazima. Lakini miezi minne, baba! Miezi minne mama yangu hasemi, na mimi niko hapa nauza viazi, nacheka na wateja.

Tangu uliposimama mbele ya usharika ukasoma jina langu kwamba nimetengwa, hii ndiyo barua yako ya kwanza. Miaka tisa. Sigombani leo. Nauliza moja: unamnyimaje mama Meza ya Bwana? Kosa langu lilikuwa tumbo, kila mtu aliliona. La mama ni lipi?

Nikija utanifungulia?

Mwanao, Eveline.

Nyololo, 17 Juni 2024

Kamwene Eveline. Barua nimepata. Afya ninayo.

Usije. Nyumba inanuka.

Mama yako hana kosa. Mwenye kosa ni mimi. Desturi unaijua: Meza ikiletwa kwa mgonjwa, wa nyumbani wanakula naye, na mchungaji anauliza kwanza kama mnatubu. Hapo ndipo nimekwama.

Mwezi wa nne alijichafua mara tatu siku moja. Maji yakaisha. Nikamwacha kwenye mkeka nikaenda kwenye pombe ya ulanzi, nikakaa mpaka jua likashuka. Niliporudi alikuwa amejiburuta hadi mlangoni, wa baridi kama jiwe. Nikapiga magoti. Unajua niliomba nini? Niliomba afe. Nikasema, Bwana mchukue, na kama humtaki yeye nichukue mimi. Tangu hapo naomba hivyo kila siku, tena kwa sauti, maana yeye amelala chumba cha pili, hasikii. Mtu wa namna hiyo akila Meza anajilia hukumu. Nimewafukuza watu mezani kwa madogo kuliko hilo.

Na usiniambie Yesu anaelewa udhaifu wetu. Yesu alikufa kijana. Hakuzeeka, hakuoa, hakumgeuza mtu mzito na mgongo unauma. Anaelewa nini? Wachungaji watatu nimewashinda kwa swali hilo. Jibu kama unaweza.

Baba yako.

Uyole, 20 Juni 2024

Baba, shikamoo. Pole. Pole sana baba yangu.

Nimesoma barua yako sokoni, nikafunika viazi nikarudi nyumbani. Jibu la kichungaji sina. Nakupa langu.

Nilipofika Mbeya mimba ilikuwa ya miezi sita. Niliomba mtoto afe. Ndiye huyu Goodness, yupo darasa la tatu, ananiuliza babu anafananaje. Niliomba hivyo wiki nzima. Jumapili nikaingia kanisani nikakaa karibu na mlango, ili wakinifukuza nisitembee sana. Wakasoma habari za Yesu bustanini. Nimezisikia tangu utoto, baba, wewe ndiye uliyetufundisha. Ila siku ile nikasikia kwamba alianguka chini. Aliwaomba rafiki zake wakae naye, wakasinzia. Alimwomba Baba yake amwondolee, akatoka jasho, akarudia ombi lile lile. Mwisho alikubali, mimi sikukubali, hapo ndipo anaponizidi. Lakini pale chini nilipokuwa, alishafika.

Kweli hakuzeeka. Ila pale msalabani mikono yake ilifika mahali haiwezi hata kumfuta uso. Alikuwa na kiu akaomba anyweshwe. Hali ya mama anaijua. Na yako, uliyechoka mpaka ukaomba vibaya, haimshangazi.

Mwite mchungaji. Usingoje uwe safi. Ningengoja hivyo, ningekuwa nje mpaka leo.

Mwanao.

Uyole, 3 Julai 2024

Baba, shikamoo. Siku kumi na tatu kimya. Sedekia anasema amepita mara mbili, mlango umefungwa na moshi hautoki. Baba, mko hai? Andika hata neno moja.

Mwanao.

Nyololo, 7 Julai 2024

Kamwene mwanangu. Tuko hai wawili. Moshi haukutoka kwa sababu kuni ziliisha na sikuweza kupasua. Nakuambia hivyo mimi, Aroni.

Juzi nilikwenda kwa mchungaji. Nikamwambia njoo umpe mke wangu, mimi nitakaa nje. Akaja. Nikasimama mlangoni nimewapa mgongo. Nikasikia anasoma, halafu anasema, "Mama Eveline, fungua." Akarudia. Nikageuka. Mkate ulishachovywa, uko mdomoni pake kabisa, na yeye amefunga meno. Nikasema, "Damari, si ndicho ulichotaka?" Akanitazama tu.

Mchungaji akasema, "Mzee, nadhani anakungoja."

Nikasema, "Huyu hajui ninachoomba."

"Basi mwambie."

Nikamwambia kwa Kibena, ili asikie vizuri. Damari, nimeomba ufe, mara nyingi. Nilidhani atageuza uso. Alininyooshea ule mkono mzima, akanikamata shati, akanivuta nikae kitandani, na nguvu zake bado anazo. Nikalia mbele ya mchungaji kama mtoto aliyechapwa. Nikatubu. Nikala. Ndipo akafungua mdomo.

Sijawa malaika. Jana nimemfokea. Na swali langu la uzee bado ninalo, nitamuuliza Yesu mwenyewe. Lakini sala ile nimeiacha. Sasa nikiingia chumbani nasema, Bwana, wewe uliwahi kuchoka, mimi nimechoka, tumgeuze. Halafu tunamgeuza.

Tangu asubuhi kifua chake kinakoroma na hafumbui macho. Akina mama wapo, wanamwosha. Mlango nimeuacha wazi. Hii usiijibu. Panda basi la kwanza, uje na Goodness.

Baba yako.