Nyusi Hazina Alama

Jumanne, 16 Januari

Leo nimeujua uzito wangu. Si wa kilo, huo naujua na sitaki kuuzungumzia. Uzito wa alama.

Tulikwenda kwa Bi. Villaflor, wakala wa watu wanaotaka kuhamia Kanada. Mimi na mke wangu Jovie, tumevaa kama wazazi wa ubatizo. Akatugeuzia kompyuta tuone. Jovie peke yake – umri, shahada, miaka yake yote ya maabara ya hospitali, Kiingereza chake kinachoteleza kama samli – anavuka mstari wa alama za kukubaliwa bila kutoka jasho. Kisha Bi. Villaflor akaniingiza mimi. Alama zikashuka! Kuongezwa nimeongezwa, jumla ikapungua. Hesabu hiyo sijaiona hata kwa wauza samaki.

Mkosi ni Kiingereza changu. Mtihani wa mwaka jana niliambulia alama za kuonewa huruma. Nikirudia, nikapanda kidogo tu kwenye kuongea, tunavuka wote.

“Au kuna njia nyingine,” akasema Bi. Villaflor, kwa ile sauti ya daktari wa meno kabla hajang'oa. Jovie aende na mtoto wetu Kaye, mimi niandikwe kwamba sifuatani nao. Jovie ataniombea kibali baadaye. Baadaye ndiyo lini? Mwaka, miwili, inategemea.

Jovie akafunga zipu ya mkoba wake. “Tunakwenda wote, au hatuendi.”

Na balaa la mwisho: tarehe 10 Februari Jovie anatimiza thelathini na tisa, na kila mwaka unaoongezeka alama zinapungua. Yaani keki ikikatwa, na sisi tunakatwa.

Njiani nikamwambia angeolewa tu na yule mhasibu wa Bacolod. Akasema, “Yule alikuwa anakoroma.” Nikamwambia hata mimi nakoroma. “Ndiyo, lakini wewe unatengeneza friji.”

Nimecheka.

Jumamosi, 20 Januari

Mazoezi. Jovie anaigiza mtahini, mimi naigiza mtu mwenye akili. Kaniuliza kwa Kiingereza kama naipenda kazi yangu. Nikainua nyusi.

“Baba Kaye! Umejibu nini?”

“Nimejibu ndiyo.”

“Umejibu kwa nyusi! Mtihani unarekodiwa, hakuna mtu wa kukuona. Nyusi hazina alama. Sema kwa mdomo!”

Mwanadamu wa mji wetu wa Iloilo akizaliwa anainua nyusi kabla hajalia. Nitaachaje, na umri huu wa miaka arobaini na saba? Kaye alikuwa anacheka mpaka kaangukia sofa. Mama mkwe, Nanay Pacing, akadakia kutoka jikoni: mdomo wa mkwe wake hufanya kazi vizuri sana mezani, labda mtihani ufanyiwe huko.

Jumamosi, 27 Januari

Nimeufanya.

Chumba kimejaa watu, kila mmoja na kompyuta yake na vipokea sauti vyake, wote tunaongea kwa mpigo kama mnada. Nje ngoma za sikukuu ya mji zinapigwa. Kusoma – sawa. Kusikiliza – sawa, licha ya ngoma. Kuongea...

Ikaja picha ya mtaa. Mwelekeze mgeni anayetafuta benki. Naijua benki! Iko pale! Nikainama kwenye skrini, nikachongoa midomo kuielekea, kama tunavyoelekezana huku kwetu, na kwa Kiingereza nikasema: “Pale tu.” Midomo imeelekeza vizuri kabisa. Hata mama yangu angefika. Lakini maiki haina macho, na saa inahesabu, na mimi nimekaa nimechongoa midomo kama samaki wa kitoweo. Nikarudia: “Pale, pale tu. Karibu.” Muda ukaisha.

Swali jingine: rafiki yako anataka kuacha kazi ghafla, mpinge. Nitampingaje mtu ambaye tumejuana sasa hivi? Nikamwambia ana haki, afikirie tu kidogo, na kama ana njaa aje nyumbani.

Jovie kaniuliza imekwendaje. Nikainua nyusi. Safari hii hata Kaye hakucheka.

Alhamisi, 1 Februari

Majibu yametoka. Nimeyasoma kwenye simu nikiwa ndani ya chumba cha barafu cha mteja sokoni, mahali pazuri pa kuficha uso unaowaka. Kuongea: palepale pa mwaka jana. Kuandika: chini kidogo. Huyu ndiye mimi, ninayeandika hapa kila siku!

Nimerudi nyumbani nikakuta Jovie anamsaidia Kaye hesabu. “Bado hayajatoka?” Nikasema bado.

Bado! Neno limenitoka kwa mdomo safari hii, tena wazi, na lafudhi nzuri.

Nikaosha vyombo.

Ijumaa, 2 Februari

Sikukuu ya Mishumaa. Kanisa limefurika mpaka barabarani. Mama mkwe kanunua mshumaa mrefu kuliko Kaye. “Huu ni wa mdomo wako, mkwe wangu,” akaninong'oneza, bila utani kabisa, machozi yakimlengalenga. Nimeushika ule mshumaa. Nta ya moto ikanidondokea kidoleni na sikuusogeza. Nilistahili.

Nyumbani nikaosha vyombo, nikasugua na jiko.

Jumapili, 4 Februari

Nilitaka kusema baada ya misa. Mama mkwe akawa anawaambia wanakwaya kwamba mwakani atakuja kuwaaga, anakwenda kumtembelea mwanawe kwenye theluji. Wanakwaya wakanipongeza mimi! Mmoja kaniita “Bwana Kanada”. Nikapokea mikono yote.

Nimeosha vyombo vya mchana, na vile vya kabatini visivyotumika.

Alhamisi, 8 Februari

Sijui niandikeje hili.

Raundi ya mialiko, Kanada inapowaita waliovuka mstari, ilitoka usiku wa kuamkia leo. Nimeona mstari. Jovie peke yake, bila mimi, akiwa bado na thelathini na nane, angeuvuka. Kwa raha zake. Angekuwa na mwaliko asubuhi hii, kabla ya chai.

Kama ningesema Alhamisi iliyopita, tungekuwa na siku sita za kuamua. Bi. Villaflor angebadilisha kitu kimoja kwenye faili – mume: hafuatani – basi. Mimi nilizitumia siku hizo kusugua masufuria.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nimeficha, na nimewazuia waliokuwa wanazaa.

Jovie kaenda kazini kama kawaida. Alikuwa na simu mkononi alipokunywa kahawa. Hakusema neno kuhusu raundi. Mimi nikamuuliza kama anataka sukari. Hajaweka sukari tangu tuoane.

Jumamosi, 10 Februari

Siku ya kuzaliwa. Tulikubaliana isitajwe, kama maradhi. Mama mkwe hakukubaliana na mtu. Kaingia na sinia la tambi, ndefu, za maisha marefu, hazikatwi na kisu. “Kuleni! Mwanangu kaongeza mwaka!”

Kaye akasema, “Bibi, ndio tatizo lenyewe.”

Hakuna aliyeanza kula. Mama mkwe akafumba macho, akamshukuru Mungu kwa umri wa Jovie, kwa afya ya Kaye, na kwa majibu ya mtihani wa mkwe wake ambayo yako njiani, yawe mazuri. Nikasema amina. Niliisikia amina yangu. Ilinuka.

Baada ya kula nikakusanya sahani. Jovie akanifuata jikoni, akafunga bomba.

“Jovie, yale majibu...”

“Najua. Umefeli.”

“Nani kakuambia?”

“Baba Kaye, unaosha vyombo. Mwaka jana ulipofeli uliosha wiki nzima. Ulipogonga gari la kaka yangu uliosha mpaka pazia. Wewe ukiwa huna kosa hujui hata sabuni inakaa wapi.”

Nilitaka ardhi ipasuke. Haikupasuka, ni saruji, niliimwaga mwenyewe. Nikamwuliza: kama alijua, mbona aliiacha raundi ipite? Mbona hakunitoa kwenye faili?

Akawa anaangalia mkono wake juu ya bomba. Akasema Bi. Villaflor alimpigia mara mbili. Mara mbili yeye Jovie alimjibu: subiri, mume wangu ana neno la kuniambia.

“Nilikungoja wewe, Dulo.”

Ameniita Dulo. Huniita hivyo hospitalini na kwenye misiba.

Kisha akanieleza hali ilivyo. Kwa umri wa leo, na mimi ndani, ndoto imekufa. Bila mimi, anaugusa ule mstari wa Alhamisi kwa kidole cha mguu. Raundi nyingine inatazamiwa wiki ijayo. Mstari ukipanda hata kidogo, basi tena. “Kwa hiyo niambie. Niende na Kaye, wewe ubaki na Mama, tuone baadaye? Au tubaki wote?”

Nikainua nyusi.

“Hapana,” akasema, machozi yameanza. “Zinajibu swali lipi? Safari hii sema kwa mdomo.”

Mama mkwe akaingia kuchukua vijiko. Nikamhesabia kimoja kimoja.

Jumapili, 11 Februari

Sikusema. Nilikwenda kutengeneza friza ya mfanyabiashara mmoja wa samaki. Jumapili! Hata yeye alishangaa. “Fundi, si ungekuja kesho?”

Nikiwa nyuma ya kompresa nilijaribu kusema. Nenda, nitafuata. Kwa Kihiligaynon, lugha ya mama, inauma. Kwa Kitagalogi inasikika kama tamthilia. Kwa Kiingereza ndiyo ilitoka laini kuliko zote, bila kigugumizi. Nikacheka peke yangu mpaka mwenye friza akaja kuchungulia.

Jumatatu, 12 Februari

Nimerudi mapema. Njia nzima nimeibeba ile sentensi mdomoni kama yai. Nenda, nitafuata. Sikupokea simu, sikumsalimu jirani, isije ikaanguka.

Nimepitia mlango wa nyuma, kama kawaida, ili nivue viatu. Jikoni kunang'aa.

Sahani zote zimepangwa kwa ukubwa. Sinia la mama mkwe limesuguliwa mpaka najiona. Sufuria la Krismasi, lile ambalo halijashushwa tangu Krismasi, limeanikwa juu chini. Mama mkwe yuko kwenye rozari tangu saa nane. Kaye hajatoka shule.

Jovie haoshi vyombo. Vidole vyake haviivani na sabuni, mimi ndiye ninayeosha, tena nikiwa na kosa... 

Yuko sebuleni. Namwona kutoka hapa, mgongo wake tu, na kompyuta imefungwa mbele yake, faili la Bi. Villaflor juu yake. Naandika nimesimama, daftari juu ya sinki kavu.

Amesikia mlango. Ananiita, taratibu. Si Dulo. Baba Kaye.

Nimetazama kila mahali. Hakuna hata kijiko kimoja kichafu cha kushika.