Kushoto Kidogo, Baba

Sur, Jumatatu

Kaka yangu Nassor,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya akiba, maana nitakughadhibisha. U hali gani, na wifi, na watoto? Sisi miili mizima, alhamdulillahi, ila roho zetu ziko juu. Barua hii nampa binti wa ami anayekuja huko kwenu Unguja, kwa sababu kwenye simu siwezi kusema. Ukipiga tu, Baba keshakaa ubavuni pangu, anasikia kila neno.

Unamjua Baba. Tangu astaafu kutengeneza rada za uwanja wa ndege, hana hadithi ila rada za vile vita vikubwa vya dunia vya zamani. Basi chuo kimoja cha mji wa Ibra kikamwalika azungumze na wanafunzi. Weee! Kanzu ikapigwa pasi mara mbili. Nikamwambia nitaendesha mimi, akakataa katakata. Na mimi, mjinga, nikapanda.

Njia nzima ananisomesha. Marubani wa usiku, anasema, walikuwa wakiruka gizani kuwatafuta wenye kuja kutupa mabomu, na wasione kitu. Ndipo wataalamu wakaitia rada ndani ya ndege yenyewe. Mtu wa pili anainamia kioo, anatazama alama ya mwanga, anamwambia rubani: kushoto, kulia, punguza. Rubani haoni chochote, anafuata sauti tu.

"Lakini zile za mwanzo zilikuwa na ila moja, Zuwena. Ni kama kupiga ukelele na kungoja mwangwi. Adui akiwa karibu mno, mwangwi unarudi na ukelele haujaisha. Anapotea kiooni pale pale unapomfikia."

Tulikuwa tumeshaupita mji wa Al Kamil. Mbele yetu lori la maji limesimama, nusu yake imo barabarani, taa zinawakawaka. Mimi naliona. Nangoja apunguze mwendo. Hapunguzi. Anaendelea kunieleza kile kipande cha shaba kinachoenea kiganjani, kilichokuja kuzifanya rada kuwa ndogo na kali, na ambacho eti leo kimo ndani ya maikrowevi yangu jikoni. Nikamtazama usoni. Macho yako wazi kabisa, yanaelekea kwenye lori, na hayalioni.

Wallahi kaka, sikupiga kelele. Sijui sauti ile niliitoa wapi.

"Punguza, Baba. Kushoto kidogo. Kushoto tena. Hapo hapo. Sasa kulia. Simama."

Akafuata neno kwa neno. Baba yetu huyu, ambaye hajapata kuamrishwa na mtu! Tukasimama mchangani, yeye bado kaushika usukani. Halafu akanipa ufunguo. "Usimwambie Nassor," akasema.

Huko Ibra alizungumza vizuri ajabu, yote kwa kichwa. Nilimshika kiwiko nikampeleka mpaka kitini, na watu wakanisifu kwa adabu zangu. Nusura nilie mbele yao.

Juzi nimempeleka kwa daktari wa macho. Ni presha ya macho, ya siku nyingi. Kilichokwisha kuondoka hakirudi. Kilichobaki ni kidogo, na kisu cha daktari ndicho cha kukilinda. Baba hataki kusikia.

Utaniuliza, nawe unakaa naye nyumba moja, ulikuwa wapi? Nilikuwa karibu mno, kaka. Kahawa namtia mkononi, viatu namwekea miguuni, mgeni akiingia namtaja jina kabla hajambusu mkono. Heshima zote hizo ndizo zilizonifumba macho nisione. Nina hasira na nafsi yangu.

Nisalimie wifi, mpe pole ya kuchukuana na wewe. Shangazi mbusie mikono yote miwili, ila haya ya macho usimwambie, atalia mtaa mzima. Na kitinda mimba wako mwambie babu yake anamtaja kila siku.

Nilitaka kuishia hapa, lakini Baba kasikia kalamu. "Unamwandikia nani?" Sikuweza kumdanganya. Nimemsomea yote, tangu shikamoo. Nikangoja anigombeze. Akakipapasa kikombe chake mpaka akakipata, kisha akasema:

"Mwambie kisu nimekubali. Lakini asipige simu. Aje kwanza. Nataka kumwona, si kumsikia."

Mdogo wako, macho njiani,
Zuwena