Fishi ya Mama Feza

Kabambare

Kwa Mama Mwajuma, muke wangu, huko Kasongo.

Salamu nyingi kutoka kwangu, mume wako Kasimu. Hali yako iko namna gani? Mutoto wetu Mwajuma amepona kikohozi? Na mama yangu, magoti yanamuruhusu kutembea mupaka sokoni, ama anashinda barazani? Mimi niko muzima. Homa ilinishika juma moja, ikaniachia. Na wewe shemeji, unayemusomea dada yako barua hii, weka cherehani pembeni, usome polepole. Ukifika penye maneno yangu na yake, usiruke.

Mama Mwajuma, umeniuliza ni kazi gani hii isiyokwisha, kwani nilipoondoka nilisema miezi miwili, na sasa musimu muzima umepita. Nitakueleza.

Bwana agronomu wa hapa, muzungu anayesimamia mashamba ya pamba, alitaka kujua watu wa vijiji wanafanya kazi gani na kwa siku ngapi. Akatengeneza fishi, karatasi nene, kubwa kama viganja viwili, yenye mistari minne: jina la mutu, jina la kazi, chombo, siku. Mimi karani nizunguke niandike. Lakini fishi hizo zilikuwa na neno lililofichika. Zikionyesha kwamba watu wana siku za bure, shamba la pamba la kila nyumba litaongezwa nusu. Nawe unajua pamba, mutu haichagui. Shamba likijaa majani, mwenyewe anafungwa.

Kijiji cha kwanza ni nusu siku kwa baiskeli. Huko nikamukuta Mama Feza, muke wa Lukali. Huyo Lukali mwaka uliopita alilala siku saba gerezani kwa sababu ya majani. Nikamuuliza mama, "Unafanya kazi gani?"

"Kazi? Kazi iko ya muzungu, Lukali ndiye anaifanya. Mimi niko nyumbani tu."

Nikaandika: hana kazi. Siku ya pili nikamuona kwenye kibanda cha miti kilichoinuliwa juu, katikati ya shamba la mupunga. Asubuhi ameketi. Saa sita, jua la kichwa, bado ameketi. Nikaandika: anapumzika. Nilifurahi hata, maana fishi ilijaa bila taabu.

Akaniita kutoka juu. "Karani, unaandika nini juu yangu?"

"Naandika unapumzika, mama."

Alicheka mupaka akashika nguzo. "Basi panda, tupumzike wote."

Nikapanda. Ndege wadogo walikuja kama moshi wa shamba linalochomwa. Anavuta kamba ya makopo upande ule, anatupa udongo upande huu, anapiga kelele, na kundi likipita vidole vinarudi kubambua karanga. Mimi nilitupa udongo mupaka bega likauma, na bado kundi moja likanishinda, likala kona nzima mbele ya macho yangu.

"Umeona," akasema. "Nikishuka kwenda kupalilia pamba na Lukali, hatuna mupunga. Nikibaki hapa, Lukali anarudi gerezani. Andika hiyo, kama karatasi yako iko na nafasi."

Haikuwa na nafasi.

Jumapili, ofisi ikiwa imefungwa, nilikaa chini na karatasi tupu, nikaanza kupiga mistari yangu mwenyewe. Niliona kwamba neno "kazi" ni kubwa kupita kiasi, linaficha vitu. Lazima lipasuliwe kama kuni. Nani anafanya. Anafanya nini, na juu ya kitu gani. Kwa chombo gani, mahali gani, mwezi gani. Halafu nikaongeza mistari mitatu niliyoipata kule kibandani: kazi gani lazima itangulie, mikono hiyohiyo inatakiwa wapi kwingine siku hizohizo, na isipofanywa, nini kinaharibika. Kwa namna hiyo "kulima pamba" ilitoa fishi kumi na moja. Nikajaribu "kupika." Nilifikiri nitapata moja. Kuchimba muhogo, kuuloweka, kuuanika, kuutwanga, kuchunga unga, kuni, maji, sombe ya majani ya muhogo, chumvi... nikaweka kalamu chini.

Nilikukumbuka wewe. Miaka sita tunaishi pamoja, nami kila jioni narudi kutoka ofisi nasema, "Nimechoka, mwenzangu, wewe umeshinda nyumbani." Ulikuwa ukiniletea maji ya kunawa, kisha unarudi jikoni. Nisamehe. Shemeji, nimekuambia usiruke.

Nikarudi kijijini na fishi mupya. Mwanzoni watu walinicheka, kisha wakaanza kunifuata wenyewe. Lukali, mutu asiyesema sana, alinitembeza shambani mustari kwa mustari, na Mama Feza akanisahihisha kila mara: "Umesahau kuloweka muhogo, karani. Unataka watu wafe na sumu?"

Nilipopeleka fishi ofisini, bwana alizitazama, uso ukawa mwekundu. "Nilikuomba pamba, umeniletea wanawake na maji! Nani alikuruhusu kubadili fishi yangu? Kesho naweza kukurudisha Kasongo bila kazi."

Lakini moyoni nilimuona Lukali amefungwa kamba mukononi, anarudishwa gerezani. Nikasema, "Bwana, niruhusu nizipange chini tu. Halafu unirudishe."

Nikazipanga sakafuni, kila mutu safu yake, kila mwezi mahali pake. Mupaka mwezi ule mupunga unapokuwa wa manjano na pamba inataka palizi. Hapo safu ya Mama Feza ilikuwa na fishi nne, moja juu ya mwenzake, siku zilezile. Ya Lukali, tatu.

"Bwana, huyu mama ni mutu mumoja," nikasema. "Chagua wewe fishi ya kuondoa."

Akachuchumaa. Akaokota ile ya ndege. "Hii ya kukaa, toa."

"Soma mustari wa mwisho, bwana."

Akausoma kwa sauti ndogo: isipofanywa, nyumba inakosa chakula mupaka musimu mwingine. Akairudisha. Akaokota nyingine, akaisoma, akairudisha. Ya tatu vilevile. Kiko chake kilizimika mudomoni. Mwishoni akasema tu, "Nenda, karani."

Siku nne nilingoja, sanduku limefungwa. Siku ya tano akaniita. Mashamba ya vijiji tulivyoandika hayataongezwa musimu huu, na wakaguzi hawatapita kutafuta majani mupaka mupunga uingie ndani. Basi, ni hayo tu. Pamba iko palepale. Ile fishi ameiandika kwa jina lake, nami nimemuachia. Lakini Lukali alipalilia bila woga, na nilipopita mara ya mwisho ghala lao lilikuwa limejaa, walinipa kuku.

Sasa makarani wawili wameletwa niwafundishe, na nimepewa nyumba ya matofali, vyumba viwili, na nafasi ya jikoni nyuma. Kwa hiyo nakuita. Mama yangu akikubali kwenda kukaa kwa dada yangu, njoo na Mwajuma. Kamio, gari kubwa inayopeleka pamba Kasongo, inarudi tupu. Dereva anaitwa Musa, mutu wa heshima, atawakalisha mbele pamoja naye.

Nisalimie mama yangu, umushike miguu kwa niaba yangu. Salimia dada yangu na mume wake muvuvi kule Nyangwe, na baba mukwe, na mwalimu wa chuo cha Kurani aliyenifundisha kushika kalamu. Mwajuma umubusu.

Kuna fishi moja imenishinda mupaka leo, ya kulea mutoto. Sijui niandike inaanza mwezi gani na inakwisha lini. Njoo uniambie.

Mimi mume wako,
Kasimu, Baba Mwajuma