Bati la Marehemu

Maabara ya Elektroniki,
Chumba namba 14,
Chuo Kikuu.

9 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mkaza mjomba ameniambia kwenye simu kwamba bado unapanda ngazi kurekebisha antena za watu. Utatuua kwa presha! Mimi ni mzima, isipokuwa macho, ambayo hadubini inayamaliza taratibu.

Nimepewa uprofesa kamili, na wewe ndiye wa kwanza kuandikiwa. Ulianza kuniita Profesa nikiwa na miaka tisa, kwa kunikejeli, kwa sababu ya maswali niliyokumiminia kwenye karakana yako ya redio. Sasa utaniita hivyo kwa lazima.

Huwa unaniuliza ninatengeneza nini hasa. Ni tando za madini, nyembamba mno: upasue unywele mara elfu kumi, ndio unene wake. Tunazipika kwenye tanuri, kisha tunapima kama zinaweza kutunza kumbukumbu za mashine hata umeme ukikatika. Wewe angalau transista ulikuwa unaiona.

Sasa sikiliza yaliyonipata. Mwaka juzi utando wetu ulifanya kazi vizuri ajabu, halafu ukagoma. Vipande arobaini vikafa, kimoja baada ya kingine. Mpishi wake ni mwanafunzi wangu wa shahada ya uzamivu, binti mkimya. Nikamtupia lawama zote. Nilisema mbele ya wenzake kwamba ana mkono mzito, kila akishikacho kinakufa. Siku moja akaniletea barua ya kuacha masomo, nami, Mjomba, nikaipokea.

Niliiweka juu ya bati langu la marehemu. Unalikumbuka lako, lile kopo la biskuti? Kila kifaa kilichokufa ulikifunga kikaratasi chenye tarehe na sababu ya kifo, ukakataa katakata kukitupa. Nami nimeiga, wanafunzi wananicheka, wanaliita makaburi. Siku ile nikalifungua, nikasoma vikaratasi vyote. Vifo vyote vilianzia wiki ileile moja: wiki niliyoagiza tanuri lifunguliwe mapema badala ya kuachwa lipoe lenyewe, kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kwenda mkutanoni. Agizo lilikuwa kwenye daftari la tanuri, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Ndipo nikaikumbuka redio ya mama, ambayo uliunguza kifaa chake ukilehemu. Wateja wamejaa karakana, wewe ukachukua kikaratasi ukaandika kwa herufi kubwa: NIMEKIUA MIMI.

Nikamwita binti, nikawaita na wenzake walewale. Nikamwomba radhi, kisha nikaandika maneno yako hayo kwenye vikaratasi vyote arobaini, wote wakitazama. Barua yake nikamrudishia, akaichana. Tukarudia kupika, tukaacha tanuri lipoe kwa raha zake, na utando ukaamka. Mwezi ujao anatetea tasnifu yake.

Asante sana, Mjomba. Hesabu na fizikia nimefundishwa na wengi, lakini hili nimelipata kwako peke yako, na bila hilo ningempoteza mtoto wa watu.

Nisalimie mkaza mjomba, na yule dada yangu fundi cherehani, mwambie gauni la sherehe ya uprofesa namsubiri yeye alishone. Mola akuzidishie afya, na akushushe kwenye hizo ngazi.

Jana nimeona binti naye ana bati lake mezani. Ndani mna kipande kimoja tu, na kikaratasi: NIMEKIUA MIMI. Nimecheka, Mjomba, hadi machozi yakanitoka.

Mpwa wako akupendaye daima,
Profesa