Usibadilishe Nywila

Baba Watoto,

Nimewahi zamu. Chakula kiko kwenye sufuria ya bluu, pasha tu. Ile akaunti yetu ya muziki ~~ibadilishe nywila leo leo~~ iache ilivyo.

Sasa hivi, wewe ukiwa bado bafuni, nilikuwa napiga pasi shati lako huku nasikiliza muziki kwenye simu. Katikati ya wimbo, kimya. Ikaandika kuna mtu mwingine anatumia akaunti. Nikawaka! Nani kama si binti yako, huko chuoni? Tangu tugombane siku anaondoka, simu zangu hapokei, ila muziki wangu anaukata bila haya. Nikasema namfungia, anijue mimi ni nani.

Halafu nikaangalia anachosikiliza. Zile nyimbo zangu, mzee, alizokuwa akinicheka kwamba ni za makumbusho! Nikabaki nimeduwaa mpaka kola yako ikaungua. Samahani, vaa lile la mistari.

Na kile kifurushi cha kila mtu kusikiliza kivyake, usikinunue kwanza; nitaonaje tena anachosikiliza? Mimi nimebeba ile MP3 yangu ya zamani, ili wimbo wake usikatike.

Mama yake